Neno Hujulikana kwa Kazi Yake

Mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza hapa Tanzania, akitokea shule ya msingi iliyomfundisha kwa Kiswahili, haji mikono mitupu. Nomino anaijua. Kitenzi, kivumishi, kielezi na kiunganishi anavijua pia, na ukimwandikia sentensi ya Kiswahili atapigia mstari neno hili na lile na kutaja aina zake bila kuhangaika sana. Kisha kengele ya kipindi cha Kiingereza inalia. Mwalimu anaandika ubaoni majina manane mapya na fasili zake nane, na darasa linakariri kana kwamba somo la aina za maneno ndiyo kwanza linazaliwa duniani. Mtihani ukija, mtoto anaweza kuandika fasili ya "adverb" neno kwa neno, lakini akashindwa kuionyesha katika sentensi fupi.

Tumelitenga toleo hili kwa sarufi ya Kiingereza ya ngazi ya mwanzo, na tunatangulia kusema kwamba wingi wa istilahi hautusumbui. Istilahi nane ni chache. Mtoto huyo huyo anakutajia kikosi cha Simba na cha Yanga, wa akiba ndani. Kinachotusumbua ni kwamba istilahi hizi zinafundishwa kama majina ya vitu, ilhali ni majina ya kazi. Tena zinafundishwa kana kwamba Kiswahili cha mwanafunzi hakipo.

Hesabu ya nane ina kisa cha kuchekesha kidogo. Kitabu cha sarufi ya Kigiriki kinachohusishwa na Dionysius Thrax, cha kama miaka mia moja kabla ya Kristo, kiligawa maneno katika mafungu manane. Warumi walipouchukua mgawanyo huo waliona Kilatini hakina vijineno vya mfano wa "the", hivyo fungu moja likabaki tupu. Hawakupunguza hesabu. Walivipa vihisishi fungu lao, na nane ikabaki nane. Donatus aliifundisha Roma katika karne ya 4, na shule za Ulaya zikaishi nayo zaidi ya miaka elfu moja. William Bullokar, aliyechapisha sarufi ya kwanza ya Kiingereza mwaka 1586, alifuata kiolezo cha Kilatini. Robert Lowth, mwaka 1762, alihesabu tisa. Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, katika sarufi yao nene ya mwaka 2002, nao wana tisa, ila si tisa za Lowth: viwakilishi wamevitia ndani ya nomino. Kwa hiyo mwalimu anayemchapa mtoto kwa kutaja saba badala ya nane anatetea mpango ambao mabingwa wenyewe hawajamaliza kuujadili.

Mpango huo huo ndio uliokuja kwetu. Edward Steere alipotoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870 aliyapanga maneno yetu katika mafungu aliyoyazoea kwao. Clement Doke alilipinga jambo hilo mwaka 1935, akitaka lugha za Kibantu ziainishwe kwa namna maneno yake yenyewe yanavyofanya kazi, lakini shuleni mafungu ya zamani yalibaki, yakapewa majina mazuri ya Kiswahili. Ndiyo sababu nomino yetu na "noun" ya Waingereza zinaelekea kuwa kitu kimoja. Asili yao ya kishule ni moja. Mwalimu anaweza kuvuka daraja hilo kwa dakika chache. Kazi kubwa inaanza akishavuka, kwa sababu ndani ya majina yanayofanana mna mizigo tofauti.

Tuanze na fasili. Tunaambiwa nomino ni jina la mtu, mahali au kitu, na kitenzi ni neno linaloonyesha tendo. Sasa chukua "vita". Hakuna tendo kubwa kuliko hilo, lakini vita ni nomino. Tunajuaje? Tunasema vita vimekwisha, vita vikali, vita hivyo. Neno linayaamrisha maneno mengine yalifuate kwa upatanisho. Hicho ndicho kipimo, na kila mtoto anakitumia bila kuambiwa. Kwa upande mwingine kuna kitenzi "know" cha Kiingereza, ambacho hakionyeshi tendo lolote la kuonekana kwa macho. Fasili ya maana inavunjika mapema. Kipimo cha kazi hakivunjiki.

Lakini kipimo cha Kiswahili hakihamishiki kama kilivyo. Neno la Kiswahili, mara nyingi, hutembea na kitambulisho chake: soma, msomaji, usomaji, somo. Ukiona kiambishi umeshajua unashughulika na nani. Neno la Kiingereza laweza kubadilisha kazi bila kubadilisha hata herufi moja. "Water" ni maji, na ni kumwagilia. "Round" huwa kivumishi mbele ya meza, kihusishi mbele ya nyumba, kielezi baada ya "turn", na pia ni nomino na kitenzi. Mwanafunzi wetu amezoea kutafuta jibu ndani ya neno. Katika Kiingereza hana budi kuwatazama majirani: nini kimetangulia, nini kinafuata. Akifundishwa hilo mapema, kwamba baada ya "the" atarajie nomino hata kama vivumishi viwili vimesimama njiani, amepata kitu ambacho fasili nane hazimpi.

Kivumishi ndicho kinachotutesa kuliko vyote, na ni ajabu kwamba vitabu vya darasani hukipitia mbio. Kiswahili kina vivumishi vichache vya asili. Sifa nyingi tunazisema kwa njia nyingine. Maji ya moto: hapo tuna nomino na kiunganifu -a. Mtu mwenye njaa: nomino tena. Nina njaa, nina usingizi: kuwa na kitu. Nimechoka, ameshiba, embe limeiva, mlango umefungwa: vitenzi vyenye -me-, vinavyotaja hali iliyopo sasa kwa kutaja tukio lililoizaa. Mwingereza, mahali pote hapo, anaweka kivumishi na kukitanguliza "am", "is" au "are". Sasa mwambie mtoto kwamba kivumishi ni neno linaloelezea sifa za nomino, halafu umpe "I am hungry" aichambue. Atakitafuta kitenzi cha kuona njaa na hatakiona. Au ataandika "I have hunger", na atakatwa alama kwa kufikiri vizuri. Mwalimu anayejua chanzo cha kosa hilo atalimaliza kwa ubao mmoja wenye safu mbili: upande huu nimechoka, nina njaa, amelala, upande ule "tired", "hungry", "asleep". Asiyejua ataandika tu "wrong" kwa kalamu nyekundu, mwaka hadi mwaka.

Vijineno "a" na "the" navyo. Husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo, basi mwanafunzi akariri tu. Hatukubali kabisa. Linganisha "nimesoma kitabu" na "nimekisoma kitabu". Katika sentensi ya pili kitabu kinajulikana. Wewe na mimi tumeshakizungumza. Kile kijisilabi -ki- kimefanya sehemu ya kazi ya "the". Si kazi yote, na kwa watu mambo hubadilika, maana kiambishi cha mtendwa huwekwa karibu kila mara: nimemwona mtoto, awe yeyote. Hata hivyo mwanafunzi ana mahali pa kuanzia. Kiambishi hicho hicho ndicho pia kinachomponza, kwa sababu "kitabu nilichokisoma" humfanya aandike "the book which I read it". Nani kati yetu aliwahi kuelezwa kwamba ile "it" ya ziada inatoka kwenye -ki- yetu?

Vihusishi nitavigusa kidogo tu, maana makala ya kwanza imevichambua kwa urefu. Kiswahili huvihitaji kwa uchache kwa sababu kitenzi kinajitosheleza: aliniletea, walimpikia, ametuandikia. Na -ni ya mahali inabeba mzigo uliobaki. "Mezani" ni juu ya meza, na ni pale penye meza. Mwingereza anadai uchague kati ya "on" na "at". Orodha ya kukariri haitamfundisha mtu kuchagua ikiwa hajaambiwa kwamba lugha yake haimdai uchaguzi huo.

Najua lipo pingamizi, na linatoka kwa watu tunaowaheshimu. Wanasema lugha hujifunzwa kwa kusikia na kusema, kwamba mtoto wa London hajui kihusishi ni nini na anaongea vizuri. Ni kweli. Mtoto wa London anakisikia Kiingereza tangu alfajiri, jikoni, barabarani na uwanjani. Wa kwetu, kwa sehemu kubwa, anakisikia kwa mwalimu, vipindi vichache kwa wiki, halafu anarudi nyumbani kwenye Kiswahili au lugha ya bibi yake. Huyo anahitaji njia ya mkato, na istilahi ni njia hiyo. Wengine wanahofia kwamba Kiswahili kikiruhusiwa katika kipindi cha Kiingereza hakitatoka tena. Wanaoning'iniza kibao shingoni mwa mtoto aliyeteleza akasema Kiswahili wamepewa muda wa kutosha kutuonyesha matunda ya njia yao. Dakika kumi za kulinganisha sentensi mbili hazijamnyima mtu Kiingereza.

Faida ya karibu kabisa ya istilahi iko kwenye kamusi. Fungua Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1996, na utaona vifupisho vya aina ya neno vimetangulia maana. Asiyevijua huchukua maana ya kwanza na kwenda nayo. Neno "book" kwake litakuwa kitabu tu, na sentensi ya kukodi chumba cha hoteli itageuka kichekesho. Anayevijua huangalia kwanza neno linafanya kazi gani katika sentensi, akashuka hadi kwenye kitenzi, akapata alichokitaka bila kumsubiri mwalimu.

Walimu kadhaa wametuomba tuchapishe orodha ya fasili za aina zote nane, waibandike ukutani. Hatukuichapa. Kurasa za katikati zina sentensi za Kiswahili na za Kiingereza zilizopangwa ubavu kwa ubavu, na chini ya kila jozi tumeacha mistari mitupu ya kuandika neno gani linafanya kazi gani, na lipi halina mwenzake upande wa pili. Mwalimu anaruhusiwa kuzitoa nakala kadiri darasa lake linavyohitaji.