Prosesa Kwanza, Kadi Baadaye

Mwenye banda la gemu Likoni anayevuka feri kwenda mjini kutafuta kompyuta ya mtumba ya kuchezea gemu za PlayStation 2 asihadaike na kibandiko cha i7. Aulize prosesa ni ya mwaka gani. Programu ya PCSX2, inayoendesha gemu hizo kwenye kompyuta, hutafsiri papo kwa papo maagizo ya PlayStation 2, mashine iliyotoka mwaka 2000, na kazi hiyo huangukia viini vichache tu vya prosesa, basi kasi ya kila kiini ndiyo huamua. Core i3-8100 ya 2017 huishinda Core i7-2600 ya 2011 kiini kwa kiini, japo jina lake ni dogo. Wapo wanaoshikilia kwamba kadi ya michoro ndiyo roho ya gemu. Ni kweli ukitaka picha kali kwenye televisheni kubwa. Lakini prosesa ikizidiwa, sauti hukatika-katika, mchezaji hukimbia kama yumo majini, na kadi ya bei ghali haiponyi hilo. Tena kuna joto letu la Pwani: mashine iliyojaa vumbi hujipunguzia kasi yenyewe isiungue. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji aisafishe feni, kisha aendeshe gemu nusu saa nzima mbele yako.