Bunduki isiyo na namba: silaha za kutengenezwa nyumbani na usalama wa bonde la Ruzizi

Kila mara habari ya kunyang'anya silaha inapotajwa katika Kivu ya Kusini, watu wanafikiri kalash. Ni kweli, kalash ndiyo inayoua zaidi. Lakini huku Lubarika, upande wa Luvungi, na katika vijiji vingine vya bonde la Ruzizi mpaka Uvira, kuna aina nyingine ya silaha ambayo ripoti nyingi zinaipita haraka: bunduki kuukuu iliyogeuzwa na fundi, ao ile iliyotoka moja kwa moja kwenye moto wa mfua chuma. Wakongomani wengi wanaiita pupu. Ng'ambo ya mto, kule Burundi, inaitwa mugobore, na Tanzania ni gobore. Majina matatu, kazi ni moja.

Bunduki hii ina historia ndefu kuliko vita vya sasa. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalipatana Bruxelles kukataza bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika. Zile za zamani, za kushindilia baruti mdomoni na kuwashwa kwa jiwe, ziliachiwa mlango kidogo. Kwa hiyo mwenyeji alibaki na gumegume, naye askari wa Force Publique akabeba Mauser ya mwaka 1889, iliyotengenezwa Herstal, Ubelgiji. Mauser ni bunduki ya komeo: kila risasi moja, mkono unarudi kuvuta na kusukuma chuma ndipo ipige tena. Ni ya polepole, lakini ni ngumu, haizeeki upesi. Mwaka 1964, wakati Wafuliiru wengi walipoasi wakiongozwa na Musa Marandura na Uvira ikaanguka mwezi wa tano, mishale na mikuki ilikutana na bunduki za namna hiyo zilizonyang'anywa askari.

Kwa hiyo desturi ya kutunza chuma kikuu, kukifunga kitako kipya cha mti na kukirudisha kazini, haikuletwa na M23 wala na Mai-Mai. Marekani na Ulaya pia wako watu wanaonunua bunduki ya komeo ya bei nafuu na kuirembesha nyumbani: kitako kipya, rangi, darubini. Tofauti ni kwamba duka la kule linauza kwa sheria, na nchi nyingi za Ulaya zinadai kibali kwanza. Hapa ni kinyume: bunduki iko, kibali hakuna. Sheria ya Kongo kuhusu silaha na risasi ni ya tarehe 3 Septemba 1985, na ile ya uwindaji ni ya Mei 1982. Zote zinadai ruhusa. Mkulima anayefukuza nguruwe wa porini kwenye muhogo hatasafiri mbali kutafuta karatasi ambayo huenda itamgharimu kuliko bunduki yenyewe.

Kama ingekuwa ya nguruwe tu, pengine pasingekuwa na la kuandika. Shida ni kwamba ile ya nguruwe ndiyo ile inayobebwa usiku ng'ombe wanapoibiwa, ao wakati mgogoro wa ardhi na wa utawala kati ya sheferi ya Bafuliiru na ile ya Barundi unapowaka. Mwami wa Barundi, Floribert Ndabagoye, aliuawa Aprili 2012. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, Mutarule, watu zaidi ya 30 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Askari wa FARDC na wa MONUSCO walikuwa karibu na hawakuzuia. Baada ya usiku kama huo, kumwambia mtu atoe bunduki yake kwa hiari ni kazi nzito, hata kama bunduki yenyewe ni mbovu na siku moja inaweza kumpasukia usoni. Na hizo za mafundi zinapasuka kweli.

Programu nazo zimepita. Huko Katanga, shirika la PAREC la mchungaji Daniel Ngoy Mulunda lilitoa baiskeli kwa kila silaha. Ile ya CONADER, kuanzia 2004, ilimpa mpiganaji dola 110 akitoka, na dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Tangu Julai 2021 kuna P-DDRCS, inayosema wapiganaji warudi kwao, si kuingizwa jeshini kwa kundi zima. Hatari ya kubadilisha silaha kwa zawadi inajulikana: mtu analeta ile mbovu na kuficha nzuri. Pupu inafaa kabisa kwa mchezo huo, juu mfua chuma anaweza kutengeneza nyingine kabla ya baiskeli kuchakaa.

Kuna jambo la pili, na ndilo zito zaidi. Mkataba wa Nairobi wa tarehe 21 Aprili 2004, ambao Kongo iliutia sahihi, unataka kila silaha iwe na alama, ili ikipatikana mahali pa mauaji ijulikane ilitoka wapi. Ni mpango mzuri kwa silaha zinazotoka kiwandani. Ya nyumbani haikuwa na namba tangu kuzaliwa, na ile iliyogeuzwa mara nyingi namba yake imefutwa. Mchunguzi akiishika haimwambii kitu.

Sasa hali imekuwa ngumu zaidi. Baada ya Bukavu kuanguka mikononi mwa M23 Februari 2025, bonde lilijaa Wazalendo, na wengi wao walipigana kwa jina la kutetea nchi. Katika wakati kama huo hakuna ofisa atakayepita nyumba kwa nyumba Lubarika akiuliza habari za pupu. Lakini siku makubaliano yatakapofika, wale watakaohesabu silaha watakuja na orodha za kalash. Mfua chuma hatakuwa kwenye orodha hiyo. Naye ana jembe la kutengeneza, baiskeli ya kuunga, na mteja wa usiku anayelipa vizuri kuliko wa mchana. Kumpatia kazi ya mchana inayolipa, na kumwandikisha kama fundi anayejulikana badala ya kumtafuta kama mhalifu, kungegharimu kidogo kuliko baiskeli zote zile.