Siku ya Matokeo Nyumbani

Tarehe 9 Januari, 2025, zilitoka Nairobi habari mbili. Matokeo ya KCSE ya mwaka 2024 yalitangazwa. Siku hiyo hiyo Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, kinapingana na Katiba. Mimi naona habari hizi ni ndugu.

Katika kila watahiniwa wanne, mmoja tu ndiye aliyepata C+ au zaidi, alama ya kuingilia chuo kikuu. Nyumba ngapi basi zililala kimya usiku ule? Chukua Soweto West, huko Kibera, ambako jamaa nzima huweza kuishi chumba kimoja, na karo ikatoka katika nguo za watu alizofua mama. Mtoto ayajua hayo. Alama zikija chini, hujiona amewatia watu wake hasarani. Mtihani peke yake haumfikishi mtu kwenye kifo. Lakini anayejiona mzigo, tena haoni njia, yu hatarini.

Mwaka 1991 mtaalamu wa Marekani, C. R. Snyder, na wenziwe walieleza kuwa tumaini lina sehemu mbili: nia na njia. Wahenga wetu walikwisha kusema, penye nia pana njia. Ila aliyevunjika nia haioni njia mpaka aonyeshwe. Vyuo vya ufundi hupokea hata mwenye D. Chuoni nilikosoma Kurani, aliyeshindwa na sura leo aliirudia kesho, hakufungiwa mlango.

Chumba kimoja hakina pa kuficha aibu, lakini pia si rahisi mtoto kupotea machoni humo. Mzazi ukimwona mwanao hali, halali, agawa vitu vyake, asema afadhali asingezaliwa, keti naye umwulize waziwazi kama afikiria kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo. Humpa nafasi ya kuutua mzigo. Kisha usimwache peke yake, mpeleke hospitali.

Jaji amefanya lake. Lakini siku ya matokeo mtoto harudi mahakamani, hurudi nyumbani. Neno la kwanza atakalolisikia ni la mzazi. Na liwe: "Karibu, mwanangu. Umekula?"