Timu Ikifungwa, Nani Anayelipa?



Wapendwa wanaparokia, na ninyi nyote mnaotusoma kila wiki, leo tumeona vema tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda mkashangaa kulisikia kutoka kwa padre, nalo ni mpira wa miguu. Hatukulichagua ili kuwaburudisha. Tumelichagua kwa sababu limeingia katika nyumba zetu, limekaa mezani pamoja nasi, na katika baadhi ya nyumba limeanza kula kabla ya watoto.

Tuanze kwa ukweli ulio wazi. Sisi tunaowaandikia ni wa Msimbazi. Tulianza kuipenda Simba tungali vijana wadogo wa seminari, tukigombania nafasi karibu na redio moja, na wala daraja takatifu la upadre halikutuondolea ugonjwa huo. Kwa hiyo yale tutakayosema yanamhusu kwanza mwandishi, kisha msomaji.

Jioni ya Jumanne, tarehe 16 Septemba 2025, Simba na Yanga zilikutana katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, kugombea Ngao ya Jamii, mchezo unaofungua pazia la msimu. Yanga walishinda bao 1 kwa 0, na mfungaji akawa Pacôme Zouzoua. Bao moja tu. Lakini hapa kwetu Mbuji, katika banda la kuonyeshea mpira ambalo vijana huliita kibanda umiza, jina hilo lilipata maana yake kamili usiku ule. Waliotoka pale wamevaa jezi nyekundu walitembea kama watu wanaotoka mazikoni, na nyuma yao zikafuata vuvuzela na nyimbo za kejeli.

Sisi tulifuatilia kwa redio katika nyumba ya mapadre. Asubuhi yake tuliadhimisha Misa tukiwa na uso uliokunjamana. Kijana mmoja wa altare alichelewa kidogo kuleta divai na maji, nasi tulimkaripia kwa ukali ambao kosa lake halikuustahili. Baadaye, tulipokuwa tukivua mavazi ya ibada, alituuliza kwa upole, "Baba, ni kwa sababu ya jana?" Hatukuwa na jibu. Mtoto huyo hakucheza mpira, hakukosa bao, wala hakupanga kikosi. Lakini yeye ndiye aliyelipa.

Siku hiyohiyo alikuja ofisini mama mmoja wa kigango kimojawapo. Haya hatukuyasikia katika kitubio, na yeye mwenyewe ameturuhusu kuyasimulia bila kumtaja. Mumewe alikuwa amepokea fedha za kahawa. Sehemu ya fedha hizo ilikuwa imetengwa kwa ajili ya hosteli na chakula cha binti yao aliye kidato cha pili. Mume aliamini kwamba mwaka huu Simba haiwezi kufungwa tena, akazichukua fedha zile na kuziweka zote katika ule unaoitwa mkeka, yaani kubashiri matokeo kwa njia ya simu. Usiku alirudi nyumbani bila fedha na bila maneno. Chakula kilichoandaliwa alikisukuma kikamwagika, na alipoulizwa juu ya ada ya binti, akainua mkono. Mama alituambia, "Baba Paroko, mimi sijui hata mpira unachezwaje. Kwa nini nifungwe mimi?"

Wapendwa, swali hilo ndilo lililotufanya tuandike. Timu ikifungwa, nani anayelipa? Wachezaji hupokea mishahara yao, na waliofungwa hurudi mazoezini. Katika milima yetu ya Umatengo, umbali wa safari ya siku nzima na zaidi kutoka uwanja ule, analipa mama asiyejua mpira na binti aliye mbali shuleni.

Wapo watakaosema, "Padre, mpira ni mapenzi, na mapenzi huuma." Ni kweli, na sisi hatuyadharau mapenzi hayo. Hayati Papa Fransisko, aliyefariki dunia mwezi Aprili 2025, alikuwa shabiki wa San Lorenzo ya Argentina tangu utoto wake, klabu iliyoanzishwa mwaka 1908 na kupewa jina la kumheshimu Padre Lorenzo Massa, aliyewafungulia vijana wa mtaani uwanja wa kanisa wapate mahali pa kuchezea. Klabu hiyo ilishuka daraja mwaka 1981, na mwaka 2014 ikatwaa ubingwa wa Amerika ya Kusini. Yeye aliipenda katika hali zote mbili. Mapenzi ya kweli yanajua kufungwa. Asiyeweza kuvumilia kufungwa hata siku moja hajaipenda timu. Amenunua furaha, na sasa anadai arudishiwe fedha yake.

Tena tutazame jambo lenyewe kwa akili tulivu. Ngao ya Jamii haiongezi hata pointi moja katika ligi yenye timu 16 na michezo 30 kwa kila timu. Je, mwanzo mbaya huonyesha mwisho? Mwezi Agosti 2023, kule Mkwakwani, Tanga, Simba iliishinda Yanga kwa mikwaju ya penalti baada ya suluhu, na kipa kijana Ally Salim akawa shujaa wetu. Tulishangilia kana kwamba ubingwa umekwisha kupatikana. Tarehe 5 Novemba mwaka uleule tulifungwa 5 kwa 1 na Yanga haohao, na msimu ulipokwisha tulikuwa wa tatu. Kinyume chake, Agosti 2024 tulifungwa na Yanga bao 1 kwa 0 katika nusu fainali ya Ngao, watu wakasema timu imekufa. Timu hiyo iliyokufa ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwezi Mei 2025, ikashindwa na RS Berkane ya Morocco. Na nje ya bara letu, nani amesahau kwamba Argentina ilifungwa 2 kwa 1 na Saudi Arabia katika mchezo wake wa kwanza wa Kombe la Dunia la 2022, kisha ikalitwaa kombe hilo?

Basi siku ya kwanza si hakimu. Siku ya kwanza ni mwalimu, nayo hutuonyesha pengo liko wapi.

Ninyi wakulima mnalijua hili kuliko sisi tuliosoma vitabu. Anayelima ngolo haanzi kwa kuvuna. Hukata nyasi, akazipanga kwa miraba kwenye mteremko, akachimba katikati na kuzifukia kwa udongo. Mgeni akipita barabarani huona mlima uliojaa mashimo, akadhani pameharibika. Kumbe mashimo hayo ndiyo yanayoipokea mvua na kuizuia isichukue rutuba yote na kuipeleka mtoni, na kutoka mtoni hadi Ziwa Nyasa. Hupandwa maharage kwanza, na mahindi husubiri msimu wake. Wazee wetu waliishi katika miteremko hii mikali kwa sababu walijua kuligeuza shimo kuwa hazina. Inakuwaje basi wajukuu wa watu hao washindwe kulibeba shimo la bao moja?

Jibu letu ni hili, nasi tunalisema bila kuficha: tatizo si bao. Tumeitwisha timu mizigo isiyo yake. Mwanaume ambaye bei ya kahawa imemkatisha tamaa, ambaye ana deni dukani na hasikilizwi kikaoni, huipa timu kazi ya kumrudishia heshima. Timu ikishinda, hujiona ameshinda yeye. Ikifungwa, huona dunia yote imemcheka. Na kwa kuwa hawezi kumpiga Pacôme, humpiga aliye karibu. Huo si ushabiki. Ni woga uliovaa jezi.

Juu ya kubashiri, mafundisho ya Kanisa ni ya haki na ya kiasi. Katekisimu, katika namba 2413, haisemi kwamba kila mchezo wa bahati ni dhambi. Inasema kwamba mchezo huo haukubaliki unapomnyima mtu mahitaji yake ya lazima na ya wale anaowajibika kwao, na inaonya kwamba tamaa yake inaweza kumfanya mtu mtumwa. Ada ya mtoto ni mahitaji ya lazima. Chakula cha jioni ni mahitaji ya lazima. Fedha ya kahawa haikupatikana kwa jasho la baba peke yake. Mama alipalilia, watoto walichuma, na wote walikaa chanjani wakichambua. Anayeiweka fedha hiyo kwenye mkeka bila kuwauliza ameweka rehani kisicho chake. Dominika iliyofuata mchezo ule, tarehe 21 Septemba, tulisoma Injili ya wakili asiye mwaminifu, na katika somo la pili Mtume Paulo akawataka wanaume wasali wakiinua mikono iliyo safi, bila hasira. Tuliposoma maneno hayo tukiwa tumesimama mimbarini, tulimkumbuka yule baba aliyeinua mkono, na tulimkumbuka pia kijana wetu wa altare.

Neno moja pia kwa ndugu zetu wa Jangwani, maana na ninyi ni wanaparokia. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi. Wazee walijua utani ni nini. Mtani hukucheka hadharani, hukunyang'anya hata kofia, lakini msiba ukiingia nyumbani kwako yeye ndiye wa kwanza kufika, huchimba kaburi na kukuchekesha ili usife kwa huzuni. Utani usio na msaada ni matusi tu. Anayepuliza vuvuzela usiku wa manane mlangoni kwa mtu aliyevunjika moyo, na asirudi asubuhi kumjulia hali, hajui maana ya jina analolitumia.

Tunamshukuru Mungu kwamba jina hilo bado lina watu wake. Yule baba aliitwa na Jumuiya yake, akakaa na wazee na katekista, akamwomba mkewe msamaha mbele yao na kuahidi kutoinua mkono tena. Hatusemi kwamba kila kitu kimepona. Mama ameambiwa wazi kwamba mkono ule ukiinuka tena asisubiri kikao, aende kwenye vyombo vya sheria, na Jumuiya itamsindikiza. Lakini fedha ya hosteli ilikuwa imekwisha kwenda. Aliyesimama kuilipa nusu, kwa mkopo usio na riba hadi msimu mwingine wa kahawa, ni jirani yake, Yanga wa kutupwa, ambaye mwaka mzima walikuwa hawasalimiani. Alisema, "Binti lazima asome hesabu, la sivyo nani atawahesabia hawa vikombe vyetu?" Wote walicheka, na yule baba alicheka huku analia. Tumehubiri juu ya upatanisho mara nyingi, lakini hatujawahi kuhubiri vizuri kama alivyohubiri Yanga huyo.

Basi tunawaomba mambo matatu kila msimu unapofunguliwa. Kwanza, kabla ya mchezo, fedha ya nyumba ibaki nyumbani, na anayeitunza awe mwingine asiye na timu. Pili, timu yako ikifungwa, usiende moja kwa moja nyumbani na hasira yako. Tembea, pita hata kanisani ukae kimya, kisha ingia ukiwa umesalimu kwanza. Tatu, kesho yake uwe wa kwanza kumpa mkono mtani wako, na kama umeshinda wewe, uwe wa kwanza kumtembelea.

Sisi nasi tumeanza. Tulimwita kijana wetu wa altare tukamwomba radhi. Alitusamehe haraka, kama watoto wasamehevyo, kisha akatuambia kwamba yeye ni Yanga. Tumemwacha aendelee kutumikia.

Mungu awabariki, awalinde katika nyumba zenu. Tukutane tena wiki ijayo.