Ngojangoja Inayowanyima Watoto Macho

Upo usemi mmoja ambao hapana budi tuupige vita bila huruma: “Itaondoka yenyewe.” Huambiwa mama aonapo doa jekundu juu ya kope ya mwanawe mchanga. Bibi husema ni alama ya kuzaliwa. Jirani husema ni tamaa ya mama alipokuwa mja mzito. Na, jambo la kusikitisha zaidi, wapo wasomi wanaoitikia.

Doa linaloanza kuvimba si alama tu. Mara nyingi ni hemanjioma, yaani uvimbe wa mishipa ya damu, ambao hujitokeza katika majuma ya kwanza na kukua kwa kasi katika miezi michache inayofuata. Si saratani. Na ni kweli kwamba hatimaye hunywea. Lakini hunywea kwa miaka, na jicho halingoji miaka. Ubongo wa mtoto hufundishwa kuona na nuru inayoingia jichoni. Kope ikiziba mboni, au uvimbe ukikandamiza jicho hadi uso wake ukapinda, ubongo huliacha jicho hilo na kulitegemea la pili. Siku uvimbe utakaponywea, wazazi watashangilia kope nzuri inayofunika jicho lisiloona sawasawa. Ushindi gani huo?

Wapo watakaojitetea kwamba tiba yenyewe ni ya hatari. Utetezi huo ulikuwa na uzito zamani, wakati tegemeo lilikuwa dawa za steroidi, ambazo ziliweza kudumaza watoto. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, akiwamo Christine Léauté-Labrèze, walitangaza kwamba propranololi, waliyompa mtoto kwa ajili ya moyo, ilinywesha uvimbe wake. Dawa hiyo ilibuniwa katika miaka ya 1960 na mtaalamu James Black wa Uingereza. Si dawa ya anasa. Imewatibu wagonjwa wa moyo na wa shinikizo la damu kwa miaka mingi.

Hatusemi wazazi wakanunue vidonge dukani. La hasha! Dawa hiyo huweza kushusha sukari mwilini na kupunguza mapigo ya moyo, na humdhuru mwenye pumu. Sharti daktari apange kipimo kwa uzito wa mtoto, na mtoto apewe akiwa amenyonya. Tena si kila uvimbe wa jicho ni hemanjioma. Mwingine ni saratani, na kuutambua ni kazi ya daktari. Hizo zote ni sababu za kwenda hospitali, wala si sababu za kungoja.

Ndugu mwalimu, ndugu mtumishi wa serikali, ninyi ndio mnaoombwa shauri kijijini na mtaani. Mkiulizwa juu ya doa hilo, msijibu kwa methali za subira. Semeni: mpeleke kwa daktari wa macho juma hili. Wahenga walionya kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Huyu utamkuta ni wako, lakini jicho lake moja halikuoni.