Kusaga Meno Usingizini

Wako watu ambao kila waamkapo huumwa na kichwa kwenye mapanja, na shingo huwa nzito kama waliolala na gunia mabegani. Wengi hudhani ni malaria. Mwenye homa na aende upesi akapimwe damu. Lakini asiye na homa yafaa amwulize mkewe, au ndugu alalaye naye chumba kimoja, kama husikia meno yakisagana usiku. Msagaji mwenyewe mara nyingi hana habari.

Misuli ya taya ina nguvu nyingi, nayo hupanda kutoka shavuni hata mapanjani. Ikikazwa mara kwa mara usiku huchoka kama mkono wa mkulima, na maumivu huenea kichwani na shingoni. Meno nayo hulika, hata kupasuka.

Wengi husema ni minyoo, lakini jambo hilo halikuthibitishwa. Yajulikanayo kuzidisha ni mashaka ya moyo, pombe, tumbaku na kahawa nyingi.

Kumeza vidonge kila siku si dawa, kwani vikizidi huleta maumivu ya kichwa vyenyewe. Wala haifai kung'oa gego lililo zima. Mchana midomo ifungwe, lakini meno yasigusane ila wakati wa kutafuna na kumeza. Daktari wa meno aweza kutengeneza kifuniko cha kuvaa usiku. Hakiondoi tabia, bali hulinda meno. Watoto wasagao meno wengi huacha wenyewe wakuapo.