NANI ALIZIMA MOTO WA KUWAIT?

Wako watu miongoni mwetu ambao kila litajwapo neno gesi au mafuta hutikisa vichwa na kusema kazi hiyo ni ya wageni, sisi hatuiwezi. Watu hao yafaa wajibiwe.

Mwaka 1991 majeshi ya Iraq, yakikimbia kutoka Kuwait, yaliwasha moto visima zaidi ya 600. Mabingwa walitabiri kazi ya miaka. Kisima kilicholipuka hakizimwi kwa ndoo. Huondolewa kwanza vyuma vilivyoungua, moto huzimwa, kisha watu huingia chini ya mvua ya mafuta, ambayo cheche moja yaweza kuyawasha tena, wakafunge vali mpya mdomoni mwa bomba. Maji yaliletwa kutoka baharini kwa mabomba yale yale yaliyokuwa yakipeleka mafuta pwani, yaligeuzwa tu!

Wamarekani na Wakanada walifika, hatukatai. Wahungari walikuja na kifaru kilichofungwa injini mbili za ndege za MiG. Lakini Wakuwait hawakukaa kivulini. Waliunda kikosi chao wenyewe, na ndani yake alikuwamo mhandisi mwanamke, Sara Akbar. Tarehe 6 Novemba 1991 kisima cha mwisho kilifungwa.

Nasi gesi tunayo, Songo Songo na Mnazi Bay. Vijana wetu wangapi wamefundishwa kufunga kisima kilicholipuka, wala si ukarani wa kampuni? Wakubwa watujibu kabla hawajatia sahihi mkataba mwingine.